Mkiandika habari ya mtu wa kifafa, ulizeni dawa iliisha lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua barua ni ndefu ila naomba msiikate katikati, maana niliyoyaandika humu mengine nimeyaishi na mengine nimewauliza wahudumu wa afya mara mbili mbili mpaka wakanizoea.

Wiki iliyopita mliweka habari ya kijana aliyeangukia motoni kwao akaungua mkono na shingo. Mkaandika ana kifafa tangu utotoni, mkaandika familia haina uwezo, mkaomba wasamaria wema wachangie matibabu ya majeraha. Sio vibaya, Mungu amponye kijana wa watu na mliochanga mbarikiwe. Ila ile habari niliisoma mara tatu natafuta sentensi moja tu sikuiona. Huyu kijana alikuwa anameza dawa au hamezi? Kama alikuwa anameza, aliacha lini? Na aliacha kwa nini, alichoka mwenyewe, zahanati iliishiwa, nauli ilikosekana, au kuna mtu alimwambia aache? Mngeuliza hilo tu habari yote ingegeuka, kwa sababu moto ule sio ulioanza. Kilichoanza ni kopo la dawa kuwa tupu.

Nayajua haya kwa sababu nina mdogo wangu wa kiume, sasa hivi ana miaka 31. Kwetu ni Ulanga, upande wa Mahenge, mimi nimehamia Ifakara nina cherehani yangu hapa naendesha maisha, yeye yupo kijijini na mama. Alianza kuanguka akiwa darasa la tatu. Siku ya kwanza alianguka mstarini asubuhi wakati wanaimba, akakakamaa, akatupatupa mikono, povu likatoka, akajikojolea, wenzake wakakimbia wote uwanja ukabaki mweupe yeye katikati. Baada ya kama mara ya nne mwalimu akamwita mama akamwambia mama huyu mtoto akae kwanza nyumbani mpaka apone. Akakaa. Hakurudi tena mpaka leo, na alikuwa anajua kusoma kuliko mimi.

Miaka ile ya mwanzo tulihangaika kama wanavyohangaika wengine, kuna aliyesema ni majini, kuna aliyesema ni shangazi, tukauza mpunga gunia kwa gunia. Sitaki kuwasema vibaya waganga kwenye barua hii, mmoja alikuwa mzee mwenye huruma kweli na alikuwa anakaa na mdogo wangu usiku mzima. Ninachosema ni kimoja, mganga akikupa chochote cha kunywa au cha kuoga usikubali neno moja tu, lile la "sasa acha za hospitali". Hapo ndipo watu wanapopotelea.

Alipoanza vidonge alikuwa na miaka 14. Nesi aliyetuanzishia alinieleza vizuri sana na mimi nikamweleza mama kwa lugha ya shambani. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo, chembe moja inaongea na nyingine kwa zamu, sasa kuanguka ni pale chembe nyingi zinapopiga kelele kwa pamoja kwa mpigo mmoja, mwili wote unafuata. Dawa haiui ugonjwa. Dawa ni kama tuta la jaruba la mpunga, maji yako pale pale ila hayamwagiki kwa jirani, na tuta linataka kukarabatiwa kila siku. Ukilibomoa kwa mkupuo maji hayatoki kidogo kidogo, yanatoka yote. Ndio maana mtu aliyekuwa anameza fenobabitoni, moja ya dawa za kifafa, akiiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hiyo inaua kabisa. Kuacha dawa kupo, mtu akikaa miaka miwili au zaidi hajaanguka daktari anaweza kuamua kumpunguzia taratibu kwa miezi, lakini anaamua daktari, sio mgonjwa wala jirani wala mchungaji.

Mama yangu hajui kusoma. Akabuni hesabu yake. Kila Jumapili baada ya misa anaweka punje za mahindi kwenye kikombe cha bati kwa idadi ya dozi zilizobaki, jioni mdogo wangu akishameza mama anatoa punje moja anawarushia kuku. Vidonge vyenyewe anaviweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Kama punje na dozi haziendani anajua kuna siku imerukwa na hapo hapo anaanza kuuliza. Kwa hesabu hiyo ya kuku na punje mdogo wangu alikaa miaka minne na miezi saba hajaanguka hata mara moja. Alikuwa analima, anapanda baiskeli, alianza kumchumbia binti wa kijiji cha pili.

Halafu ikaja masika moja, barabara imekatika, zahanati tuliyokuwa tunachukulia dawa wakasema zimeisha, njooni mwezi ujao. Mama hakuniambia. Aliona atanisumbua, mimi nilikuwa nimejifungua wiki ile. Akaamua kuzinyoosha, vidonge viwili vikawa kimoja, kimoja kikawa cha kuruka siku, yaani alifanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya na unga ukiwa unaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizi hazinyoshwi kama unga.

Siku ya tisa mdogo wangu alikuwa jikoni anakoroga maharage. Mama yupo nje anachambua matembele, akasikia sufuria limeanguka akajua. Alipoingia alimkuta amelalia upande wa kushoto, mkono umeingia katikati ya mafiga kwenye makaa mpaka kwenye kifundo, na mwili unatetemeka kwa hiyo mkono ulikuwa unazidi kuchimba kwenye moto. Harufu mama anaisema mpaka leo sitaiandika. Na mlangoni Mhariri walikuwa wamesimama vijana wawili wa jirani waliofika kabla yake. Wazima, wana nguvu, mmoja ni bondia wa kijiji. Wamesimama. Wanaangalia povu. Mama yangu ana miaka zaidi ya sitini ndiye aliyemvuta peke yake.

Sikuwachukia wale vijana, niliongea nao baadae wakalia. Wamekua wakiambiwa povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe umekwisha, wameambiwa hata akijamba ukavuta ile hewa umepata. Kwetu tulikua tunaona mwenye kifafa ana sahani yake, kikombe chake, anakula pembeni, analala chumba cha peke yake karibu na jiko, na kumlaza karibu na jiko ndio kabisa. Naomba niandike kwa herufi za wazi ili aliye na gazeti hili amsomee na asiyejua kusoma, KIFAFA HAKIAMBUKIZI. Sio kwa mate, sio kwa mkojo, sio kwa hewa, sio kwa kulala nae, sio kwa kula nae sahani moja. Mimi nimefuta lile povu kwa kanga yangu mara zisizo na idadi na nina miaka 44.

Leo vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimeshikana, kovu limevivuta kuelekea kiganjani, hawezi kushika jembe vizuri. Yule binti ameolewa kwingine. Ukijumlisha gharama ya kulala hospitali wiki saba, nauli, chakula, shamba ambalo halikulimwa, ni pesa ambayo ingenunua vidonge vyake mpaka azeeke. Sitii chumvi, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema gharama ya matibabu ya kifafa kwa dawa za kawaida inaweza kushuka mpaka dola 5 tu kwa mwaka. Dola 5! Ni pungufu ya suti ya shule ninayoshona hapa.

Na fenobabitoni sio dawa mpya ya kusubiri utafiti, imeanza kutumika kwa kifafa tangu 1912. Kwetu Mahenge ndio kabisa hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa pale pale Mahenge, wazee wetu walimpeleka kwa wagonjwa waliokuwa wamefichwa, wengine wameungua kama alivyoungua mdogo wangu, na akawa anawapa vidonge hivi hivi. Baadae watafiti wa hapa hapa nyumbani wakapita vijijini Ulanga, utafiti ulichapishwa 1992, walikagua watu 18,183 wakakuta 207 wana kifafa, na 185 kati yao kilikuwa kinaendelea. Hiyo ni zaidi ya 10 kwa kila watu 1,000, na kuna kijiji kimoja kilifika 37 kwa kila 1,000. Ukikaa kwenye misa ya Jumapili kijiji kama hicho, hesabu mabenchi, kila mabenchi machache kuna mtu.

Kwa nini kwetu wengi hivyo? Hili nililielewa nikiwa mtu mzima na naliandika kwa sababu wengi bado wanadhani ukoo wetu umelaaniwa. Ni mto. Kwenye mito yenye maji ya kasi na mawe wanazaliana wale nzi weusi wadogo wenye mgongo wa kibiongo, wanauma mchana shambani, ndio wanaoingiza mwilini minyoo midogo inayoleta ugonjwa wa usubi. Watu wanaujua usubi kwa kuwasha ngozi na kupofua macho, lakini sehemu zilizokuwa na usubi mwingi kifafa nacho kinakuwa kingi, Mahenge, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Congo, Cameroon, na pale pale kuna ule ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa, mtoto anakaa kula ugali ghafla kichwa kinaanza kuinama inama kama anasinzia. Kule Mahenge daktari yule aliuona miaka ile ya 60, miaka mingi kabla magazeti ya dunia hayajauandika wa Uganda. Wanasayansi bado wanabishana minyoo ya usubi inafikaje kuuharibu ubongo, ila uhusiano upo na unaonekana. Kwa hiyo wale wahudumu wa kijiji wakipita na vidonge vya usubi, vile wanavyokupima urefu kwa fimbo ndipo wanakupa, usijifiche shambani. Meza. Mpe na mtoto aliyefikia kipimo. Naona watu wanazikimbia kwa sababu ziliwavimbisha uso au kuwawasha siku mbili, jamani kuvimba siku mbili.

Wasomaji wa Mbulu, Mbozi na kwingineko wanakofuga nguruwe na kula kitimoto wana habari yao pia. Kuna minyoo ya tegu. Hapa watu wengi wanachanganya hivyo nisomeni taratibu. Ukila nyama ya nguruwe yenye vile vijipunje vyeupe kama mchele na haijaiva, unapata tegu tumboni. Huyo mwenye tegu akijisaidia vichakani anamwaga mayai, nguruwe anayekula kinyesi anayameza anakuwa na vijipunje. Sasa mtu akimeza yale mayai, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga mbichi, kwa maji, vile vijipunje vinaota kwake yeye, na vikiota kwenye ubongo vinaleta kifafa. Kwa hiyo unaweza kuwa hujawahi kula kitimoto maisha yako yote, Muislamu safi, na ukapata kifafa cha tegu kwa sababu aliyekupikia au jirani yako hana choo. Choo, kunawa, kufungia nguruwe, kuivisha nyama mpaka ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria sehemu zenye minyoo hiyo kwa wingi kama 30 katika kila wagonjwa 100 wa kifafa wanatokana nayo. Bila choo hatutoboi.

Sababu nyingine nazipitia haraka: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, uvimbe, na kuumia kichwa ambako siku hizi bodaboda ndio kinara. Kijana anavaa kofia ngumu akiona trafiki, akipita trafiki anaitundika kwenye kioo. Na wapo ambao daktari hapati sababu yoyote, mdogo wangu ni mmojawapo, hatujui ni usubi au ni ile malaria aliyougua akiwa na miaka miwili tukaita degedege. Degedege la homa lenyewe kwa watoto wengi linapita halirudi, ila likirudi rudi bila homa mpelekeni, msimvukizie kinyesi cha tembo wala kumwagia mkojo.

Sasa turudi kwenye dawa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nimekaa kwenye foleni za kliniki miaka 17 sasa nimesikia sababu za watu kuacha dawa na hazifanani na zile zinazosemwa kwenye semina. Semina zinasema elimu duni. Nilichosikia mimi ni baba anayeambiwa achukue dawa ya mwezi mmoja tu na nauli ya kwenda na kurudi inazidi kibarua cha siku tatu. Ni mama anayeambiwa zahanati ya karibu hairuhusiwi kumpa, aende wilayani. Ni binti anayeogopa kuonekana kwa sababu kliniki ya kifafa ipo mlango mmoja na kliniki ya afya ya akili, na kijijini ukionekana umekaa kwenye lile benchi unaitwa kichaa, na kifafa sio kichaa ingawa huyo anayeumwa akili nae anastahili heshima ile ile. Ni kijana ambaye dawa zinamsinzisha darasani na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kubadilishiwa, zipo kabamazepini, fenitoini, valproeti, kila moja ina faida yake na kero yake, akaona heri aziache kimya kimya.

Na wanawake. Hapa nitaandika kidogo ila naomba wanawake wasome. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ulemavu na kuchelewa akili, kwa hiyo msichana anayeanzishiwa dawa hiyo ana haki ya kuambiwa mapema kabla hajashika mimba ili daktari aone kama kuna nyingine inayomfaa. Fenobabitoni, kabamazepini na fenitoini nazo zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, nimekutana na dada wawili waliobeba mimba wakiwa na kijiti na waume zao wakawapiga wakidhani walikitoa. Na mwenye mimba tayari asiache dawa zake kwa kuogopa, kuanguka mfululizo kunaweza kumuua yeye na mtoto, aende aongee na daktari wake wiki hiyo hiyo, na aulize kuhusu asidi ya foliki, ile vitamini ya wajawazito.

Kliniki nyingine wameanza kuwapa dawa za miezi mitatu wale waliotulia. Hii peke yake imebeba watu. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya Kilombero, tunaongea tangu enzi za kuvuka kwa pantoni kabla daraja halijajengwa, aliniambia dada tangu nipewe za miezi mitatu mwanangu hajaanguka, sio kwamba dawa imebadilika, ni safari ndio zimepungua. Wanaohusika na bajeti za dawa za wilaya wasome sentensi ya huyo mama. Mpango wa dunia uliopitishwa Geneva 2022 unataka mpaka 2031 asilimia 80 ya waliogundulika kuwa na kifafa wawe wanapata dawa na asilimia 70 ya wanaotibiwa wawe wametulia. Asilimia 70 sio ndoto, ndio kiasi ambacho madaktari wanasema wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa sawasawa. Lakini mipango ya Geneva kwetu inaishia kwenye kabati la zahanati, kama kabati ni tupu mpango ni tupu. Dawa za kifafa zihesabiwe kama zinavyohesabiwa za ARV, ikibaki akiba ya mwezi mmoja mtu apige simu, isisubiriwe mpaka mgonjwa aambiwe njoo mwezi ujao. Kwa sababu kwa mgonjwa wa kifafa hakuna mwezi ujao, kuna jiko, kuna kisima, kuna mto, kuna baiskeli kwenye barabara ya lami.

Na kwa atakayemkuta mtu ameanguka, kabla hamjanipigia kelele kwamba nimesahau. Msogeze mbali na moto na maji, toa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza shingoni, na akianza kulegea mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje asipaliwe. Usimkandamize. Usimwekee kijiko mdomoni, wala kijiti, wala kidole chako, ulimi haumezwi, mdogo wangu ana pengo la meno mawili ya mbele kwa sababu ya kijiko cha jirani mwema. Usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Tazama saa, wengi wanatulia ndani ya dakika mbili tatu, zikifika dakika tano hajatulia au akaanguka tena kabla hajazinduka tafuta gari hapo hapo. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa na ana aibu, mfunike alipojikojolea. Hilo la kumfunika hawalifundishi ila ndilo analolikumbuka.

Mhariri, waandishi wenu ni wazuri na wanafika mpaka vijijini ambako sisi wengine hatufiki. Yule kijana wa wiki iliyopita bado yupo wodini naamini. Mrudieni. Kamuulizeni mama yake, kwa adabu, sio kwa kumlaumu, vidonge vya mwisho alivimeza lini, alivipata wapi na alipovifuata tena aliambiwa nini. Halafu nendeni hiyo sehemu mkaone kabati. Andikeni mlichokikuta, kiwe kizuri au kibaya. Na siku akitoka wodini akiwa na bandeji mkononi hakikisheni kuna mtu amempa na dawa za kifafa, maana mdogo wangu alitoka wodini na dawa za kidonda tu, ikabidi za kifafa nizitafute mwenyewe mpaka nikazipata.

Sisi tumejipanga upya. Dawa nachukua mimi huku Ifakara, natuma kwa kondakta ninayemfahamu, mama hanifichi tena. Mdogo wangu ana miaka mitatu sasa hajaanguka, anachunga mbuzi wa watu watatu na mkono wake ule mmoja mzima, na juzi aliniambia anataka nimtafutie kitabu cha darasa la nne. Jana jioni nilipiga simu nikamwambia mama shikamoo, niambie kwenye kikombe kuna ngapi. Akaniambia subiri, nikasikia anazimwaga kwenye meza, anahesabu kwa sauti ndogo huku anafukuza kuku. Zimebaki punje 12. Jumatatu naenda kuchukua.

Ahsante kwa nafasi.

Dada mtu,
Ifakara, Morogoro